Fuwele Hulazwa Kabla ya Kugandishwa

Mfugaji wa Arumeru aliyewahi kumwita mtaalamu wa uhimilishaji anaujua ule mtungi unaofuka moshi mweupe. Ndani mna naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mbegu za dume zimetulia humo kwenye mirija. Mimi hapa Tengeru natumia naitrojeni hiyohiyo, ila ninachozamisha ni fuwele za protini, nyingi hazifiki hata nusu milimita.

Tunazipiga eksirei ili tujue umbo la protini. Katika joto la kawaida eksirei yenyewe huziharibu upesi. Kwenye mkondo wa gesi ya naitrojeni wa nyuzi 173 chini ya sifuri zinastahimili zaidi. Lakini mara nyingi karibu nusu ya fuwele ni maji, na maji yakigeuka barafu huvuruga mpangilio wote. Kwa hiyo kwanza tunaichovya kwenye gliseroli ya asilimia 20 hadi 30, kisha tunaigandisha ghafla, maji yawe kama kioo. Ukiona picha ya eksirei ina pete, barafu imeingia.

Hayo vijana wangu huyashika haraka. Kinachowasumbua ni ulalo, yaani namna fuwele inavyolala mbele ya eksirei.

Fuwele huvuliwa kwa kitanzi cha uzi mwembamba kuliko unywele, kilichofungwa kwenye ncha ya pini. Pini husimama juu ya kitako cha chuma, kitako hushikwa na sumaku ya goniometa, na goniometa huizungusha fuwele mbele ya mwali wa eksirei kama mshikaki juu ya makaa. Kila inapogeuka kidogo, madoa mapya yanawaka kwenye kigunduzi, chombo kinachonasa eksirei zilizopita kwenye fuwele, na mengine yanazimika. Panda basi la Moshi ukae dirishani, uangalie mahindi yaliyopandwa kwa mistari: njia moja inafunguka mpaka mwisho wa shamba, mara imejifunga, imefunguka nyingine. Tabaka za molekuli ndani ya fuwele hufanya hivyohivyo mbele ya eksirei.

Fuwele imejengwa kwa vyumba vidogo vinavyofanana, na upande mmoja wa chumba ukiwa mrefu sana, madoa husongamana. Protini iliyotuhangaisha mwaka juzi ilikuwa na upande wa angstromu 300 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), nasi tulitaka kuona undani hadi angstromu 2. Gawanya 2 kwa 300, zidisha kwa 57 ili jibu liwe la digrii: unapata digrii 0.38. Hiyo ndiyo nafasi kati ya doa na doa katika mzunguko, pale upande mrefu unapouelekea mwali. Lakini fuwele zetu hazikuganda vizuri. Vipande vidogo ndani yake vilikuwa vimekengeukana kwa nusu digrii. Doa likawa pana kuliko nafasi yake. Hapo hata kila picha uipe mzunguko mdogo namna gani, madoa yanapandana.

Dawa ni kuulaza upande mrefu sambamba na pini. Ukilala hivyo, fuwele izunguke itakavyo, upande ule hauuelekei mwali kamwe.

Sasa fuwele zile zilikuwa bapa kama vigae, na upande mrefu umesimama wima juu ya ubapa. Kitanzi nacho ni bapa. Kigae kikiingia humo, ngozi ya maji hukivuta kilale kifudifudi, na upande mrefu unabaki ukiikata pini kwa digrii 90. Hakuna ulalo mbaya kuliko huo. Tulisafirisha mtungi mzima kutoka KIA kwenda Ulaya, maana Afrika haina sinkrotroni, mtambo mkubwa wa kutoa eksirei kali, na usiku nikakaa mbele ya kompyuta nikitazama fuwele moja baada ya nyingine ikitoa madoa yaliyoshikana. Niliumia. Zilikuwa zimechukua miezi minne kukua.

Siku hizi tunaikunja shingo ya kitanzi kwa kibano, chini ya hadubini, kabla ya kuvua. Digrii 75 hivi. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Dokta, kwa nini tusikunje mpaka 90?" Swali zuri sana. Madoa yaliyo karibu na mhimili wa mzunguko, yaani mstari wa pini, hayawaki kabisa. Yamo katika eneo kipofu. Kwa kawaida ulinganifu wa fuwele huliziba pengo hilo, kwa sababu doa lililofichika lina pacha wake mahali pengine. Lakini upande mrefu ukiwa ndio mhimili wa ulinganifu, ukalala sawasawa na pini, pacha naye anafichika humohumo. Kwa mwali wa angstromu 1 na data ya angstromu 2, mwinamo wa digrii 15 unatosha kumtoa.

Zipo goniometa zenye mkono wa ziada unaoweza kuinamisha fuwele iliyokwisha kuganda. Nazipenda, ila hazipo kila kituo, na mkono huo hauendi mbali kabla ya kukaribia kugonga bomba la gesi baridi. Siutegemei.

Kila kitanzi tunakipiga picha kikiwa bado chini ya hadubini, na mwelekeo wa ubapa tunauandika kwenye daftari pamoja na namba ya pini. Kikishazama kwenye naitrojeni, hasa masika ambapo unyevu hujaza mdomo wa mtungi theluji, hakionekani tena mpaka siku ya mwali.