Begi la kujifungua: lipange kwa saa, usilipange kwa aina ya vitu

Begi la kujifungua hufunguliwa na mtu ambaye hakulipanga. Mama yuko kitandani uchungu umemkaza, au mtoto ndiyo kwanza ametoka, na mkunga au ndugu aliyemsindikiza anaingiza mkono ndani kutafuta taulo. Akikuta blangeti, magauni, sabuni na soksi vimerundikana pamoja, atapekua dakika mbili tatu. Kwa kichanga aliyelowa, dakika hizo ni joto linalomtoka mwilini.

Kwa hiyo mjamzito akiniuliza anunue nini, huanza kwanza na namna ya kupanga. Orodha nyingi za vifaa vya uzazi hugawa vitu kwa aina: nguo za mtoto, nguo za mama, vya usafi. Mgawanyo huo unapendeza kabatini lakini unakwamisha leba. Gawa kwa wakati wa kutumika: kifurushi cha uchungu, kifurushi cha saa ya kwanza ya mtoto, na kifurushi cha wodini. Kila kimoja kiwe ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo, ulioandikwa kwa maandishi makubwa. Mifuko hiyo ndiyo iingie kwenye begi, cha wodini chini kabisa.

Begi liwe limefungwa ifikapo wiki ya 36. Mwenye mapacha, mwenye shinikizo la damu, au aliyewahi kujifungua kabla ya wakati asisubiri kupita wiki ya 32.

Bahasha ya mfuko wa nje

Karatasi zisiingie ndani ya begi. Ziweke kwenye bahasha isiyopitisha maji, mfuko wa nje, ambapo mkono unafika bila kufungua zipu kuu: kadi ya kliniki, kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, na majibu ya vipimo vya kundi la damu, wingi wa damu, VVU na kaswende. Juu ya bahasha andika namba za simu za watu wawili. Simu huzimika, na namba zilizomo ndani huzimika nayo.

Kama kundi lako la damu ni Rhesus hasi, liandike hilo kwa kalamu nyekundu. Mtoto akizaliwa na Rhesus chanya, unapaswa kuchomwa sindano ya anti-D ndani ya saa 72, ili mwili wako usitengeneze kinga itakayoshambulia damu ya mtoto wa mimba ijayo. Ni jambo linaloweza kusahaulika katika purukushani za wodi, na wewe ndiye mwenye sababu kubwa ya kulikumbusha.

Kifurushi cha uchungu

Hiki ni kidogo. Gauni pana linalofunguka mbele, ndala zisizoteleza, chupa ya maji, kitu chepesi cha kula, shuka la plastiki, pedi mbili kubwa, chaja ya simu. Katika mahudhurio ya kliniki, mapema, uliza kituo unachotarajia kujifungulia kinatoa nini na kinataka uje na nini. Vingine hutoa glovu, kibanio cha kitovu na wembe, vingine havitoi.

Ukiambiwa uje navyo, nunua vilivyofungwa na kiwanda, vyenye maandishi kwamba vimetakaswa, na usivifungue kuviangalia. Wembe uliofunguliwa nyumbani ukarudishwa kwenye karatasi yake hauna tena usafi uliokusudiwa. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, hustahimili ukavu kwa miaka, na hupata njia ya kuingia kwa mtoto pale kitovu kinapokatwa au kufungwa kwa kitu kichafu. Kinga ya pili ni chanjo yako mwenyewe: kwa ambaye hajawahi kuchanjwa, dozi mbili zinazopishana angalau wiki nne, na ya pili iwe imechomwa wiki mbili au zaidi kabla ya kujifungua.

Zile pedi mbili ni za chupa ya uzazi, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto, ikipasuka. Vaa moja, tazama saa, kisha tazama rangi ya maji yaliyoingia kwenye pedi. Maji meupe, au yenye uwaridi kidogo, ni ya kawaida. Maji ya kijani au kahawia yanaonyesha mtoto amejisaidia tumboni. Ondoka hapo hapo, hata kama uchungu haujaanza. Muda ulioutazama ni wa kumwambia mkunga, maana chupa ikikaa imepasuka zaidi ya saa 18 kabla mtoto hajazaliwa, hatari ya maambukizi kwake huongezeka na wahudumu watamfuatilia kwa karibu zaidi. Baada ya chupa kupasuka usiingize chochote ukeni.

Kifurushi cha saa ya kwanza ya mtoto

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo makosa yanapomgusa mtoto moja kwa moja.

Mtoto hutoka kwenye joto la tumboni akiwa ameloa, na unyevu unaokauka juu ya ngozi yake huondoka na joto. Joto lake linatakiwa kubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Ndiyo maana juu kabisa ya kifurushi ziwekwe taulo mbili za pamba na kofia, vikiwa vimekunjwa pamoja. Kwa nini mbili? Ya kwanza inamkausha na inalowa. Ikiachwa juu yake inageuka kitambaa baridi kilichomfunika. Inatupwa pembeni, ya pili iliyo kavu ndiyo inayomfunika akiwa kifuani kwa mama.

Taulo mpya kutoka dukani hainyonyi maji vizuri, kwa sababu nyuzi zake bado zina vilainishi vya kiwandani. Ifue mara mbili au tatu bila kilainishi cha nguo, kisha ijaribu: dondosha tone la maji juu yake. Tone likisimama kama shanga, taulo hiyo itasukuma maji huku na huku mgongoni kwa mtoto bila kuyafyonza. Tone likizama mara moja, iko tayari. Ukikosa taulo nzuri, shuka kuukuu la pamba lililolainika kwa kufuliwa linafanya kazi hiyo vizuri kuliko taulo mpya ya bei.

Kofia ishike mpaka masikioni, iwe laini, isiwe na kamba wala vishada. Kichwa cha kichanga ni sehemu kubwa ya mwili wake, na kikiachwa wazi kinapoteza joto jingi.

Chini ya taulo na kofia ndiyo ziwekwe nguo: fulana, nguo ya kulalia inayofunguka mbele, soksi, nepi na shali. Ziko chini kwa sababu, ukiacha nepi moja, hazihitajiki bado. Mtoto aliyezaliwa salama hukaa tupu kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia na nepi tu, kwa saa nzima au zaidi, na humo ndimo anaponyonya kwa mara ya kwanza. Sasa unaona umuhimu wa gauni linalofunguka mbele. Akishavalishwa, kanuni rahisi ni safu moja zaidi ya ile unayovaa wewe katika chumba hicho hicho. Beseni, sabuni ya mtoto na mafuta viache nyumbani: Shirika la Afya Duniani linashauri kuogesha kusubiri angalau saa 24.

Kabla ya kukunja soksi na glovu za mtoto, zigeuze ndani nje. Utaona ncha za nyuzi zilizoachwa na mshono. Zikate zote hadi kwenye mshono. Uzi mmoja, au unywele wa mama uliopotelea humo wakati wa kufua, unaweza kujizungusha kwenye kidole na kukaza kila mtoto anapochezesha mguu, damu ikazuiwa na kidole kikavimba na kuwa chekundu au cha zambarau. Mtoto analia, watu wanadhani tumbo. Kichanga anayelia bila kutulia, mvue soksi uhesabu vidole.

Jambo jingine halionekani kwa macho. Nguo zilizorithiwa kutoka kwa mtoto mwingine mara nyingi zimehifadhiwa na vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu, vyenye naftalini. Mvuke wake huingia kwenye kitambaa, na mtoto huuvuta kwa pumzi na kuupokea kwa ngozi. Kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi ambayo kwa kawaida hakuna ajuaye mpaka ipimwe, naftalini hupasua chembe nyekundu za damu. Anapata manjano kali inayoweza kudhuru ubongo. Usivitumie vidonge hivyo kabisa kwa nguo za mtoto. Nguo zilizowahi kukaa navyo zifuliwe, zianikwe nje, zifuliwe tena, na kama harufu bado ipo, ziache.

Nepi 24 zinatosha siku mbili, kwa hesabu ya 10 hadi 12 kwa siku. Chagua kwa kilo zilizoandikwa kwenye pakiti, wala usirundike pakiti kubwa za saizi ya kwanza, maana wapo watoto wanaozaliwa wakielekea kuzizidi. Ukimvalisha, kunja ukingo wa mbele ushuke chini ya kitovu, ili kisilowe mkojo na kipate hewa. Choo cha kwanza ni cheusi na kinanata kama lami, kwa hiyo weka na pamba au vitambaa vya kulowesha kwa maji.

Kitovu chenyewe hakidai kitu chochote kwenye begi. Kiache kikavu na safi. Huanguka chenyewe, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 15. Mahali ambapo wahudumu wanatoa klorheksidini ya kitovu, dawa ya kuua vijidudu, fuata maelekezo yao, lakini usiiweke kamwe karibu na dawa ya macho ya mtoto. Vifungashio hufanana, na klorheksidini iliyotiwa machoni kwa makosa imewahi kujeruhi macho ya watoto vibaya, hata kuwapofusha. Poda usinunue: vumbi lake huingia mapafuni.

Anayetarajiwa kuzaliwa njiti aongezewe kitambaa kipana, laini, kinachonyumbulika, cha kumfunga kifuani. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza matunzo ya kangaruu, yaani kumbeba ngozi kwa ngozi kifuani, yaanze mara tu mtoto njiti anapozaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Nguo za kawaida zitamzidi, na kwa siku hizo kifua chako ndiyo nguo yake.

Kifurushi cha wodini

Pedi ndizo hupungua mara kwa mara. Damu ya nifasi siku ya kwanza hutoka kwa wingi kuliko hedhi, na pedi hubadilishwa kila saa tatu au nne hata kama haijajaa, kwa ajili ya usafi wa msamba. Weka 24, kubwa na nene. Zinakupa pia kipimo: pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, au yakitoka mabonge makubwa ya damu, ita mkunga papo hapo, usisubiri azunguke wodini. Visodo vya kuingiza ndani viachwe mpaka wiki ya 6.

Chupi ziwe sita, za pamba, saizi moja juu ya yako, na kiuno kirefu kinachopanda hadi kitovuni. Mkanda wa chupi fupi hukaa juu ya mshono wa upasuaji na kuusugua, na hujui kwa hakika kama utaishia chumba cha upasuaji au la. Ongeza chupa ndogo ya plastiki ya kumwagia maji ya uvuguvugu unapokojoa: mkojo ukichanganyika na maji hauchomi sana penye michubuko au mshono.

Chupa ya maziwa na kopo la maziwa ya unga "kwa tahadhari" visiingie. Dang'a, maziwa ya kwanza, hutoka kidogo kidogo kwa sababu tumbo la siku ya kwanza ni dogo; mtoto ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na huko kunyonya ndiko kunakoita maziwa. Kopo likiwa karibu, usiku wa pili mtoto anapolia kila saa, hufunguliwa. Hesabu nepi badala yake: moja yenye mkojo siku ya kwanza, mbili siku ya pili, na kuanzia siku ya tano sita au zaidi. Mama ambaye kwa sababu za kitabibu hatanyonyesha apange jambo hilo na kliniki yake kabla ya uchungu. Na chuchu zikiuma sana, mwite mkunga atazame mtoto anavyoshika titi kabla hujaanza kutafuta krimu.

Vya nyumbani ni vichache: godoro gumu kiasi, tambarare, bila mto wala blangeti lililolegea, mtoto alale chali, na kipimajoto cha kwapani. Kikisoma chini ya 36.5, mrudishe ngozi kwa ngozi na kofia, mfunike, upime tena baada ya muda. Joto lisipopanda, au likizidi 37.5 akiwa hajafunikwa kupita kiasi, mpeleke kituoni. Wenye gari wafunge kiti cha mtoto kikitazama nyuma, na koti nene lisiwe chini ya mikanda.

Uchungu ukija kila dakika tano, ukidumu dakika moja, kwa saa nzima, ondoka. Aliyewahi kuzaa au anayeishi mbali aondoke mapema zaidi. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana huku macho yakiona ukungu, degedege, homa, au mtoto kupunguza kucheza: hapo ondoka bila begi kama haliko karibu, mtu ataleta.

Begi likishafungwa, mpe yule atakayekusindikiza. Mwambie atoe taulo mbili na kofia bila kukuuliza ziko wapi. Akizidi sekunde kumi, lipange upya.