Kwa Nini Simba Wawili Waliogelea Mfereji wa Kazinga Usiku?

Usiku mmoja wa Februari 2024, katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth magharibi mwa Uganda, kamera ya joto iliyofungwa kwenye droni iliwanasa simba dume wawili, Jacob na nduguye Tibu, wakiogelea kuuvuka mfereji wa Kazinga, ule unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Walikata maji kwa umbali uliokadiriwa kuwa kati ya kilomita 1 na 1.5, na maji yenyewe yamejaa viboko na mamba. Mara kadhaa waliingia wakarudi, kisha wakaingia tena mpaka ng'ambo. Tena Jacob ana miguu mitatu tu, kwani mmoja wa nyuma aliupoteza kwa mtego wa majangili.

Je, ni nini kilichowasukuma? Watafiti wanadhani si njaa, bali ni majike. Saa chache kabla ya hapo walikuwa wameshindwa vita na madume wenzao, na dume asiye na kundi la majike hufa bila kuacha kizazi. Kwa kawaida majike huwazidi madume, takriban wawili kwa mmoja, lakini katika hifadhi hii uwiano huo umepinduka. Inauma kukumbuka sababu mojawapo: majike na watoto hula mzoga pamoja, hivyo sumu inayotegwa na watu huwamaliza kwa mkupuo, kama ilivyotokea Aprili 2018 karibu na kijiji cha Hamukungu, walipokufa majike watatu na watoto wanane.

Daraja lipo, pale Katunguru, lakini lina watu na magari, na watafiti wanadhani kwamba simba hao walilikwepa kwa sababu hiyo.

Kuhusu chakula, simba wa huko huwinda nyati na kob, yule swala aliyemo kwenye nembo ya taifa, kwa kunyemelea hadi karibu kabisa na kumaliza kwa mbio fupi za kasi, kwa maana pumzi yao haidumu. Jacob hawezi tena mbio hizo. Badala yake ameonekana akijibanza vichakani na kuvizia kama chui, na wakati mwingine akifukua ngiri mashimoni mwao, mbinu ambayo ni nadra kwa simba dume kuitegemea.