Usiisugue hiyo pesa ya shaba!

Jamani, kila nikiona mtu kapata pesa ya Mjerumani ya 1890 (ile sarafu ya shaba ya enzi za ukoloni) kwenye kasha la bibi, kitu cha kwanza anakimbilia ndimu na chumvi, eti iking'aa itauzika bei kubwa. Sio kweli kabisa, ni kinyume chake.

Ile rangi ya kahawia iliyokolea sio uchafu, ni shaba yenyewe imekutana na hewa miaka na miaka ikajitengenezea ngozi, na hiyo ngozi inakinga shaba ya chini yake. Asidi ya ndimu inaivua, sarafu inabaki na wekundu wa ajabu kama imechubuliwa, ukisugua na mchanga ndo basi, manyoya ya tai aliyechorwa upande mmoja yanafutika na maandishi ya Kiarabu upande wa pili yanabaki bapa. Mkusanyaji wa sarafu akiipindua kwenye mwanga anaona mikwaruzo hapo hapo na bei inashuka, hairudi tena.

Kama ina udongo, iloweke kwenye maji yaliyochujwa chumvi (yale ya betri ya gari, sio asidi yake), kausha kwa kuigusisha kitambaa laini. Ishike ukingoni, vidole vina jasho.