Mama ana sukari, mtoto kalia vizuri, mbona anapelekwa ICU?

Novemba ni mwezi wa kampeni ya kisukari na kila ukifika dawati letu la malalamiko hapa hospitali linapokea kesi ileile. Mtoto kazaliwa kilo nne na nusu, kalia, kanyonya, halafu manesi wanamtoboa kisigino kila baada ya masaa matatu na mwisho wanampeleka ICU ya watoto wachanga, mzazi anakuja kusema "mnatafuta hela tu". Tunaelewa wasiwasi wa mzazi, lakini mtoto huyu tulikuwa tunamsubiri toka mama yuko kliniki.

Iko hivi. Sukari ya mama inavuka kondo la nyuma, insulini ya mama (homoni inayoshusha sukari) haivuki. Kwahiyo ya mama ikipanda na ya mtoto inapanda, kongosho lake linalazimika kutoa insulini nyingi, siku ya kuzaliwa kitovu kikikatwa sukari inakata palepale ila insulini bado ipo inaendelea na kazi. Ndo maana sukari ya mtoto inaanguka zaidi ndani ya saa la kwanza mpaka la tatu. Daktari Pedersen wa Denmark alishalieleza hili miaka ya 1950, sio kitu tumekibuni juzi. Na insulini hiyohiyo inanenepesha mabega na tumbo huku ikichelewesha mapafu kukomaa, sasa watu wanaona bonge la mtoto wanasema huyu mzima, jamani, ukubwa sio ukomavu! Mtoto wa kilo nne wa wiki 35 anaweza kuhema kwa shida kama njiti yeyote.

Nani ataihitaji ICU? Hakuna kipimo kimoja cha kutoa jibu, tunaunganisha vitu. Kikubwa ni wiki, chini ya 37 hatari inapanda sana. Halafu kama kisukari kilikuwepo kabla ya mimba, maana moyo na uti wa mgongo vinajengeka wiki 8 za mwanzo na sukari ya juu inaweza kuviharibu, wakati huo wengi wenu hata kliniki hamjafika. Tunaangalia pia HbA1c ya miezi ya mwisho, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya damu wa miezi kama mitatu (mwenye upungufu wa damu au sikoseli kipimo hiki kinaweza kudanganya), uzito kwenye utrasaundi, presha ya mama, kama ni upasuaji kabla uchungu haujaanza, na sukari wakati wa uchungu, ambayo tunataka ikae kati ya 4 na 7 (mmol/L, namba inayoonekana kwenye mashine ya kupimia sukari). Aliyechomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto ajue zinampandishia sukari yeye mwenyewe, apime mara nyingi zaidi siku hizo.

Sasa daftari. Daftari la sukari lililojazwa kwa wino mmoja na mwandiko mmoja wa usiku wa kuamkia kliniki tunalijua. Ukituandikia 5.2 kila asubuhi halafu mtoto anakuja na kilo 4.8 amekwama mabega, ujue sisi tuliandaa kitanda cha kawaida kwa sababu ya hizo 5.2 zako. Andika namba mbaya kama ilivyo, hakuna wa kukufokea, na kama yupo njoo umripoti.

Utaratibu baada ya kuzaliwa: ananyonya ndani ya nusu saa, kisigino kinapashwa joto, kinatobolewa pembeni sio katikati, tone la kwanza linafutwa, la pili ndo linapimwa. Tunarudia kabla ya kunyonya kila masaa mawili mpaka matatu. Ikisoma chini ya 2.6 anapakwa jeli ya sukari ndani ya shavu na ananyonyeshwa, tunapima tena, ikigoma au akianza dalili anawekewa dripu ya dekstrosi (sukari) asilimia 10 na hapo anahamia ICU. Akitetemeka mshike mkono taratibu, mkono ukitulia ni mtetemeko tu, usipotulia inaweza kuwa degedege, ita nesi hapohapo. Anayehema haraka huku anakoroma anaenda ICU moja kwa moja hata kama sukari iko sawa. Asali, maji ya glukosi na uji wa bibi hapana, kabisa, tumeshasema mpaka tumechoka.

Hatumruhusu kabla ya masaa 24. Mnaotaka kuondoka mapema kuna fomu ya kuondoka kinyume na ushauri wa daktari, anasaini mzazi mwenyewe mbele ya shahidi, sio shangazi kwa niaba, na nakala inabaki kwenye faili. Hata ukisaini mrudishe kesho yake apimwe manjano, maana watoto hawa damu zao huwa nzito na manjano inawapata zaidi. Na wewe mama uliyepata sukari kwenye mimba, rudi kati ya wiki ya 6 na ya 12 unywe ile glukosi ya gramu 75 upimwe upya, usije umekula.