Gegedu ya goti iliyochanika si "mafuta yaliyoisha"

Kijana akichechemea hapa Moshi, jirani, muuza duka na shangazi wote wana jibu moja: "Mafuta ya goti yameisha." Aloweke bamia usiku, anywe maji yake asubuhi. Anywe supu ya kongoro. Akimpata wa kumchua, achuliwe. Wapagazi wa mlimani wanaambiwa hivyo, wacheza mpira wanaambiwa hivyo, na mama anayebeba ndizi kwenda soko la Mbuyuni naye hivyo hivyo, kana kwamba wote wanaumwa kitu kimoja.

Ndani ya goti kuna gegedu za aina mbili. Moja ni utando mweupe unaoteleza, uliofunika ncha za mifupa pale paja linapokutana na muundi. Nyingine ni meniskasi: vipande viwili katika kila goti, kimoja upande wa ndani na kimoja upande wa nje, vina umbo la herufi C, na kazi yake ni kupokea uzito na kulituliza goti. Daktari akisema gegedu imechanika, mara nyingi anazungumzia meniskasi. Akisema imesagika, anazungumzia ule utando, ambao hulika taratibu kwa miaka.

Hayo "mafuta" ni kitu cha tatu kabisa. Ni ute unaotengenezwa na goti lenyewe, wala haupungui kama oili ya pikipiki. Tena goti lenye meniskasi iliyochanika mara nyingi huvimba kwa sababu ute umezidi! Bamia ni mboga nzuri, lakini ukiila inasagwa tumboni kama chakula kingine; utelezi wake haufiki gotini.

Tofauti nyingine ni kwamba kuchanika kwa kijana huwa kuna saa yake. Mpagazi anashuka Kilimanjaro, kutoka kambi ya Barafu kuelekea lango la Mweka, mzigo kichwani. Mguu unanasa kwenye mizizi, mwili unageuka, goti linazunguka likiwa limekunjwa na limebeba uzito wote. Anasikia kitu kimeachia. Huenda akatembea mpaka getini, na uvimbe ukaja jioni au kesho yake. (Likivimba palepale, ndani ya saa moja au mbili, fikiria damu na kano iliyokatika, na hilo ni jeraha jingine.) Baadaye maumivu yanakaa pembeni mwa goti, hasa akichuchumaa, na wakati mwingine goti linagoma kunyooka kwa sababu kipande kimejikunja katikati. Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi meniskasi, kwa hiyo picha safi haimaanishi goti ni zima. Daktari wa mifupa hulikunja na kulizungusha kwa mikono, na akihitaji kuona zaidi huagiza MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata meniskasi.

Tiba inategemea palipochanika. Ukingo wa nje wa meniskasi unapata damu, kwa hiyo unaweza kupona au kushonwa. Sehemu yake ya ndani haina damu, kwa hiyo ni vigumu kupona. Zamani madaktari waliiondoa meniskasi yote, na magoti hayo yakaja kusagika mapema. Leo wanajitahidi kuibakiza. Na kwa mtu wa makamo ambaye meniskasi yake imechakaa ikachanika bila ajali, kisu kisiwe cha kwanza. Mwaka 2013 watafiti wa Finland walitoa matokeo ya wagonjwa 146 wa aina hiyo: baadhi walikatwa kipande kilichochanika, wengine walifanyiwa upasuaji wa kuigiza tu, na baada ya mwaka mmoja hali zao hazikutofautiana. Watu wa makamo wa aina hiyo huanza na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, kwa miezi kadhaa.

Kwa hiyo, shangazi yangu, mpagazi wa miaka 25 akija kwako anachechemea, muulize kwanza goti lilizunguka lini, na kama linanyooka lote. Kama limegoma kunyooka, lisichuliwe wala kuvutwa kwa nguvu. Apelekwe kwa daktari wa mifupa wiki hiyo hiyo. Bamia mpikie tu, ale na ugali.