Nyumba ya Mjerumani kuwa gesti: kagua haya kabla ya kulipa

Tangu kazi ya reli ya kisasa ianze kati ya Tabora na Kigoma, wananchi wengi wanaulizia majengo ya zamani ya enzi ya Wajerumani mjini Tabora ili waishi humo na kupangisha vyumba kwa wageni. Nia hiyo ni njema, kwani majengo haya yanahitaji watunzaji. Malalamiko yanatoka kwa waliolipa kwanza, wakafanya upekuzi wa kumbukumbu za umiliki baadaye.

Jengo lililosimama tangu reli ilipofika Tabora mwaka 1912 si lazima liwe mali ya anayeishi ndani yake. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba mengi ya kupangisha, yakawa chini ya Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Mengine ni ya Shirika la Reli. Mpangaji aliyepokea kilemba, yaani malipo ya kukuachia nafasi yake, na kukukabidhi funguo hajakuuzia nyumba, hata kama karatasi yenu ina mhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Hili limeelezwa mara nyingi, na bado karatasi hizo zinaletwa zisajiliwe.

Hata hati halali isomwe miaka yake. Milki huru za kikoloni, zisizokuwa na ukomo wa miaka, ziligeuzwa mwaka 1963 kuwa za miaka 99, hivyo hati yenye asili hiyo inafikia ukomo mwaka 2062. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati uone jina la mmiliki, rehani na zuio. Deni la pango la ardhi liulizwe pia.

Upekuzi ukiwa safi, mthamini aliyesajiliwa afanye uthamini, uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Jazeni fomu ya ardhi namba 29 ya taarifa ya uuzaji, namba 30 ya maombi ya kibali na namba 35 ya uhamisho. Kama ni nyumba ya ndoa, mwenza wa muuzaji aridhie kwa maandishi. Muuzaji amalizane na TRA kuhusu kodi ya ongezeko la mtaji. Ushuru wa stempu ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini, kwa kuwa hati isiyolipiwa ushuru haipokelewi mahakamani kama ushahidi. Uhamisho usiosajiliwa haukupi haki yoyote juu ya ardhi.

Hati ya makazi haitoshi kuendesha gesti. Omba halmashauri mabadiliko ya matumizi kabla ya leseni. "Ni vyumba vinne tu" si sababu.

Si kila jengo la Mjerumani ni mali kale, yaani jengo la kihistoria linalolindwa kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye hulindwa yakitangazwa na Serikali. Kama lako limetangazwa, usiguse hata dirisha bila kibali cha maandishi cha Idara ya Mambo ya Kale.

Kuta zilizojengwa kwa chokaa zisipigwe lipu ya saruji. Saruji inazuia unyevu unaopanda kutoka ardhini usitoke. Chumvi hujikusanya nyuma yake na lipu hubanduka vipande vipande. Tumia sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Kisha panda darini na bisibisi, uchome ncha za kenchi pale zinapokalia ukuta. Ikizama bila nguvu, mchwa au uozo umeshaingia, na gharama ya paa ipunguzwe kwenye bei kabla hujasaini.