Mstari Mweusi Kwenye Eksirei: Kijana Anarefukia Wapi, na Hadi Lini?

Tukitundika kwenye taa eksirei mbili za mkono wa kushoto, moja ya mvulana wa miaka 12 na nyingine ya mtu mzima, hata asiyesomea udaktari anaona tofauti. Kwa mtu mzima kila mfupa wa kidole ni kipande kimoja kilichokamilika. Kwa mvulana, karibu na ncha ya mfupa kuna mstari mweusi mwembamba, kana kwamba kichwa cha mfupa kimekatwa kwa wembe kikaachwa palepale. Wapo wazazi wanaoushtukia wakidhani mtoto amevunjika. Hajavunjika. Pale ndipo anaporefukia.

Weusi ule ni gegedu, yaani tishu laini kuliko mfupa, ambalo halina madini ya kutosha kuzuia mionzi, na kwa hiyo kwenye picha linaonekana kama pengo. Kitaalamu tunaliita bamba la ukuaji. Ndani yake seli zimejipanga safu kwa safu, mfano wa sarafu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Zile za upande wa kichwa cha mfupa hugawanyika na kuzaa nyingine. Zilizotangulia huvimba, hufa, na mahali pake pakajaa mfupa mpya. Kwa miguu, kazi kubwa hufanyika gotini: bamba la chini la mfupa wa paja peke yake huleta takriban asilimia 70 ya urefu unaoongezeka kwenye mfupa huo. Gegedu hilo pia ni dhaifu kuliko kano zinazoshika kiungo. Pigo ambalo kwa mtu mzima lingeteguza goti, kwa kijana linaweza kupasua bamba, na bamba likipona vibaya mguu mmoja huweza kubaki mfupi au kupinda. Kijana aliyeanguka na hawezi kukanyagia mguu asikandwe nyumbani. Apigwe picha kwanza.

Kabla ya balehe mtoto huongezeka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Balehe ikiingia, mwendo hubadilika. Wasichana hufikia kilele cha kasi wakikaribia miaka 12, kwa wastani sentimita 8 hivi kwa mwaka. Wavulana kwenye miaka 14, sentimita 9 hadi 10. Darasa la watoto wa miaka 12 limejaa wasichana waliowapita wavulana kwa kimo, na ni jambo la kawaida kabisa. Mvulana atapata miaka miwili zaidi ya ukuaji wa utotoni kabla ya kuchipuka, na huko ndiko inakotoka sehemu kubwa ya tofauti ya wastani wa kimo kati ya wanaume na wanawake. Msichana akishavunja ungo, kwa kawaida hubakiwa na sentimita 5 hadi 7 tu.

Linalowashangaza wengi ni nani anayefunga bamba, yaani kulifanya lizibe na kuwa mfupa. Ni estrojeni, ile iitwayo homoni ya kike, kwa wasichana na kwa wavulana pia, kwani mwili wa mvulana hugeuza sehemu ya testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni. Mwaka 1994 madaktari nchini Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Alikuwa na urefu wa sentimita 204, mabamba yake yalikuwa bado wazi, na mifupa yake ilifanana na ya kijana wa miaka 15. Homoni za kiume alikuwa nazo za kutosha, lakini ukuaji haukusimama. Kwa hiyo balehe ileile inayomrefusha kijana kwa kasi ndiyo inayomfungia mlango. Kwa wasichana wengi mabamba ya miguuni hufunga kati ya miaka 13 na 15, na kwa wavulana kati ya 15 na 17, ingawa wapo wanaochelewa miaka kadhaa.

Ndiyo maana kliniki haitosheki kujua kijana ana kimo gani leo. Inataka kujua amebakiza muda gani. Mvulana wa miaka 14 ambaye ni mfupi kuliko wenzake wote, na eksirei yake ikaonyesha mifupa iliyokomaa kama ya mtoto wa miaka 12, mara nyingi amechelewa tu, kama pengine baba yake alivyochelewa, na safari yake bado iko mbele. Msichana wa miaka 8 anayewazidi wote darasani, huku matiti yameshaanza na mifupa yake imekomaa kama ya miaka 11, husifiwa nyumbani kwa urefu wake. Huyo ndiye anayenitia wasiwasi, maana anautumia upesi muda wake na anaweza kuishia mfupi. Ipo dawa ya kusimamisha balehe ya namna hiyo kwa muda, ila humfaa zaidi aliyeletwa mapema.

Kwa makadirio ya nyumbani, jumlisha kimo cha baba na cha mama, ongeza sentimita 13 kwa mvulana au punguza 13 kwa msichana, kisha gawanya kwa mbili. Jibu linaweza kupanda au kushuka sentimita 8 au 9, basi lisichukuliwe kama hukumu.

Naomba nisikike vizuri kuhusu vidonge na unga wa kuongeza urefu. Bamba likishaziba na kuwa mfupa, hakuna kidonge kinacholifungua. Kuning'inia kwenye chuma hakurefushi mifupa. Kila mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko atakavyokuwa jioni, kwa sababu usiku zile sahani laini kati ya pingili za mgongo hutanuka, na wauzaji hupenda kuonyesha kipimo hicho cha asubuhi. Kunyanyua vyuma kwa uangalizi mzuri hakudumazi, ila sindano na vidonge vya kutunisha misuli vinaweza kufunga mabamba kabla ya wakati. Homoni ya ukuaji ni dawa halisi inayotolewa kwa magonjwa maalumu, na humrefusha mtu pale tu mabamba yanapokuwa bado wazi.

Mlete mtoto akionekana kuongezeka chini ya sentimita 4 kwa mwaka kabla ya balehe, au akianza balehe kabla ya miaka 8 kwa msichana na 9 kwa mvulana, au dalili zikiwa hazijaonekana kabisa kufikia miaka 13 kwa msichana na 14 kwa mvulana. Nyuma ya hayo huweza kuwa na tezi ya shingo isiyotoa homoni ya kutosha, ugonjwa wa utumbo ambao haujagunduliwa, au hitilafu ya kromosomu iitwayo Turner kwa wasichana. Huniuma kumpokea binti wa miaka 16 ambaye familia yake ilingoja kwa nia njema, nikatazama picha na mistari yote imeshatoweka.

Mpimeni nyumbani kila miezi sita: bila viatu, visigino vimegusa ukuta, macho yanatazama mbele, kitabu kigumu kimelala kichwani na kubana ukuta. Wekeni alama ya penseli na mwandike tarehe kamili pembeni yake, kwa sababu alama isiyo na tarehe haitusaidii kuhesabu kasi.